Radiant Silvergun: niliuziwa pambo la kabatini

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu nikitumaini itapoa, na haijapoa. Nilinunua diski ya Radiant Silvergun, mchezo wa video wa kuendesha chombo cha angani na kufyatua risasi, ile ya mtambo wa Sega Saturn iliyotoka Japani mwaka 1998, kwa muuzaji mmoja wa michezo ya zamani, kwa bei inayotosha kodi ya nyumba. Ilifika katika kisanduku kisafi, na kijitabu chake hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Niliitia katika mtambo wa Kijapani unaosoma diski zangu nyingine zote bila shida, nikaanza kucheza, na bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa wa kumalizia hatua, alipojitokeza tu, picha ikaganda na sauti ikakwama ikirudia mlio uleule. Nilizima, nikaifuta diski kwa kitambaa laini, nikawasha tena, ikaganda palepale. Nilipoigeuza kwenye mwanga niliona mkwaruzo mrefu uliosuguliwa kwa makusudi ili usionekane.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu. Alinijibu kwamba diski ya aina hiyo hununuliwa ili ihifadhiwe kabatini, kwamba anayetaka kuicheza hajui thamani ya alichonacho, na kwamba yeye aliahidi kisanduku kizima, nami nimekipata. Fedha hakurudisha.

Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu Treasure, waliotengeneza mchezo huu, ni studio iliyozaliwa ili michezo yake ichezwe. Masato Maegawa na wenzake walioianzisha waliondoka kampuni ya michezo ya Konami mwaka 1992, wakiwa wamechoka kutengeneza miendelezo ya michezo iliyokwisha kupata jina, na mwaka uliofuata wakatoa Gunstar Heroes kwenye Mega Drive, mtambo mwingine wa Sega, mchezo unaokuruhusu kuunganisha silaha mbili ukapata ya tatu yenye tabia yake. Radiant Silvergun, iliyoongozwa na Hiroshi Iuchi, ilikwenda mbali zaidi: silaha zote unazo tangu mwanzo, huokoti chochote njiani, na kila silaha hukua kadiri unavyoitumia. Upanga wa chombo chako humeza risasi za rangi ya waridi, na ukishameza za kutosha unaachia pigo kubwa linalofagia skrini. Katika toleo la Saturn, nguvu za silaha ulizozikuza huhifadhiwa, hivyo anayeshindwa leo huanza kesho akiwa na nguvu zaidi. Watu waliofikiri hivyo juu ya mchezaji hawakutengeneza kitu cha kufungiwa kabatini.

Nilikusudia kuwashauri wasomaji waachane kabisa na kazi za studio hii, kwa kuwa soko lake limejaa watu wa namna ile. Ushauri huo nauondoa. Mchezo wenyewe ulitolewa upya kwenye mtambo wa Xbox 360 mwaka 2011 na kwenye ule wa Nintendo Switch mwaka 2022, na toleo la Switch, ambalo ndilo ninalolicheza sasa, hupakuliwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha nilizopoteza. Nilimfikia bosi yuleyule, nikampita, na furaha niliyoipata siwezi kuificha. Hata Ikaruga, mchezo mwingine wa Treasure wa mwaka 2001, ambayo Iuchi aliijenga juu ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na ambayo zamani niliiona bora zaidi, sasa naiweka ya pili.

Basi nunueni, na mnunue bila woga, ila mnunue matoleo mapya. Anayetaka lazima diski ya zamani asilipe hata senti kabla ya kuonyeshwa picha ya upande wa chini wa diski, iliyopigwa kwenye mwanga mkali, pamoja na video ya mchezo ukipita bosi wa kwanza. Muuzaji akianza kusifu kisanduku, achaneni naye hapo hapo. Mimi wangu bado namdai, na nitaendelea kumwandikia mpaka anilipe.