Uzoefu wangu na BYTE ya Agosti 1981, toleo la puto

Wiki tatu zilizopita nimekuwa nikisoma jarida moja tu. Ni toleo la Agosti 1981 la BYTE, jarida la kompyuta la Marekani, lile lenye puto kwenye jalada na linalohusu lugha ya programu iitwayo Smalltalk, na nililinunua kwa muuzaji wa magazeti ya zamani mtandaoni. Nilipokuwa nalitafuta sikumpata mtu wa kunieleza kama bado linasomeka au limebaki kuwa pambo la rafu. Linasomeka, tena limenifundisha mengi kuliko vitabu kadhaa vipya vya programu nilivyowahi kununua.

Nianze na jalada, maana ndilo linalowavuta wengi. Mchoraji ni Robert Tinney, aliyeipa BYTE sura yake kwa miaka mingi. Puto la rangi linapaa kutoka kwenye kisiwa cha peke yake baharini. Picha hiyo ni jibu kwa toleo la Agosti 1978, lililohusu lugha ya Pascal. Humo ilikuwamo ramani ya kubuni ya bahari ya lugha za kompyuta, na Smalltalk ikawekwa kama kisiwa cha mbali kisichofikika. Ndivyo ilivyokuwa hasa: lugha hiyo ilizaliwa ndani ya Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu wa nje waliishia kuisikia tu. Katika toleo hili kisiwa kinafungua mlango. Waliotengeneza Smalltalk-80, toleo la lugha hiyo lililotolewa kwa watu wa nje, wameandika wenyewe, makala baada ya makala, wakiongozwa na Adele Goldberg.

Makala niliyoipenda kuliko zote ni ya Larry Tesler kuhusu mazingira ya kufanyia kazi ndani ya Smalltalk. Anaanza kwa kutuambia kwamba anapoandika amevaa fulana yenye maandishi ya kumsihi mtu asimfungie ndani ya modi. Modi ni hali ya programu inayobadilisha kazi ya vitufe: kitufe kilekile mara huandika herufi, mara hutoa amri. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Bravo, programu ya kuandikia ya hapo hapo PARC. Mtu akisahau kwamba yuko kwenye modi ya amri, kisha akachapa neno la Kiingereza "edit", herufi E iliteua hati nzima, D ikaifuta, I ikafungua njia ya kuingiza maandishi, na T ikaandikwa. Kazi yote imepotea, imebaki herufi moja. Tesler aliupiga vita mtindo huo maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2020. Kunakili na kubandika unakokufanya leo bila kufikiri kunatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Kumsoma akieleza kwa utulivu, hatua kwa hatua, kwa nini madirisha yapandiane na kwa nini mtu aweze kuacha jambo katikati na kulirudia baadaye, kulinigusa sana. Anakueleza wewe binafsi, kana kwamba mmeketi mbele ya skrini moja.

Hapo ndipo nilipopata hasara. Makala hiyo inaanza ukurasa wa 90 na kwenda hadi wa 147, ikikatwakatwa na matangazo, na nakala niliyouziwa ilikuwa imechanwa karatasi nne katikati yake. Muuzaji aliandika kwamba nakala ni kamili. Nilipomwandikia hakujibu. Niliokolewa na nakala iliyopigwa skani na kuwekwa kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni: nikachapisha kurasa zilizopungua, nikazikata kwa ukubwa uleule na kuzipachika mahali pake. Nakushauri ukinunua toleo lolote la zamani uombe picha ya kila ukurasa wa makala unayoitaka, siyo ya jalada tu.

Kama unataka kusoma tu, skani inatosha kabisa. Ila msimbo umechapwa kwa herufi ndogo, na kwenye simu utachoka. Tumia kompyuta au tableti kubwa.

Nilichotaka hasa kujua ni kama mawazo yenyewe yanafanya kazi bado. Nikaweka Squeak, Smalltalk ya bure iliyoanzishwa mwaka 1996 na baadhi ya watu walewale, wakiwa Apple, nikalifungua jarida pembeni. David Robson anaeleza katika makala yake kwamba kila kitu kwenye mfumo ni kitu kinachopokea ujumbe, hata namba. Ukiandika 3 + 4, unaipelekea 3 ujumbe wa kujumlisha pamoja na 4, na 3 ndiyo inayojua la kufanya. Nikaandika `100 factorial`, yaani zidisha namba zote kuanzia 1 hadi 100, nikaomba jibu. Likaja papo hapo, namba yenye tarakimu 158, zote kamili, hakuna iliyokadiriwa. Namba zilikua zenyewe zilipozidi nafasi, bila mimi kutangaza aina yoyote. Nikarudi kwenye makala ya L. Peter Deutsch, ambayo mara ya kwanza ilinishinda, na safari hii ikafunguka. Anaonyesha kwamba hata "ikiwa kweli, fanya hivi" si amri iliyojengwa ndani ya lugha. Ni ujumbe unaopelekwa kwa kitu kinachoitwa `true` au `false`, ukiwa umebeba kipande cha msimbo ndani ya mabano ya mraba. `true` inakiendesha, `false` inakiacha. Basi! Nimeandika programu miaka kumi na mbili na sikuwahi kuona uamuzi ukielezwa kwa wepisi huo.

Dan Ingalls, kwenye ukurasa wa 286, anatoa kanuni zilizoongoza usanifu wote. Ya kwanza ni kwamba mfumo wa kuhudumia ubunifu wa mtu lazima mtu mmoja aweze kuuelewa wote. Niliisoma mara nne. Kompyuta ninayotumia kazini hakuna binadamu mmoja anayeielewa yote, na sijui ni lini tulikubali iwe hivyo.

Kasoro zipo. Makala nyingi zinarudia misingi ileile, maana kila mwandishi alitaka msomaji wake asipotee. Ukifika ya tano unaruka aya. Makala za mashine pepe (kompyuta inayoigwa na programu) na za kumbukumbu ni nzito, na asiyewahi kuandika programu ataziacha mapema. Na mwaka 1981 msomaji hakuwa na njia rahisi ya kujaribu chochote alichosoma. Smalltalk ilitaka mashine kubwa za maabara, zenye skrini ya picha na kipanya cha vitufe vitatu, ambavyo mfumo wenyewe uliviita chekundu, cha njano na cha buluu. Jarida lilikuonyesha karamu ukiwa nje ya dirisha. Leo unaingia bure, na hilo linalifanya toleo hili kuwa na faida zaidi sasa kuliko siku lilipotoka.

Matangazo ni jarida jingine ndani ya jarida. Toleo lina kurasa zaidi ya 400, na sehemu kubwa ni wauzaji wa diski laini, kadi za kumbukumbu, printa na programu za CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za wakati huo. Usiyaruke. Ukitoka kwa Tesler na madirisha yake ukaangukia tangazo la kadi ya kuongeza kilobaiti chache, utaona umbali uliokuwapo kati ya maabara ile na meza ya msomaji. Mwezi huohuo, tarehe 12 Agosti, IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, toleo hili likiwa limekwisha kuandaliwa.

Nyuma kabisa, kadi ya huduma kwa wasomaji ilikuwa bado imeshika kwenye nakala yangu. Ulizungushia namba za matangazo yaliyokuvutia, ukaituma kwa posta, na kampuni zikakuletea maelezo. Mwenyewe wa kwanza alizungushia namba sita kwa kalamu ya risasi, na hakuituma. Nilizifuata moja moja kwenye orodha ya watangazaji: nne za printa, mbili za diski. Kalamu hiyohiyo imepiga mstari chini ya ile kanuni ya Ingalls, kwenye ukurasa wa 286.