Honda CG125 ya zamani: kuinunua, kuifufua na kuiendesha

Miongoni mwa pikipiki kongwe ambazo bado zinapatikana Tanzania na Kenya kwa bei ya mtu wa kawaida, sioni inayostahili fedha na jasho la ufundi kuliko Honda CG125. Haina sura ya kuvutia kama Yamaha DT waliyoizoea mabwana shamba, wala haina mbio. Hata hivyo, kati ya wakongwe wote ndiyo ambayo fundi yeyote wa kijiweni anaielewa kabla hajaifungua, kwa kuwa injini yake ndiyo mama wa injini nyingi za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda.

Honda waliianza mwaka 1976, wakizilenga nchi ambazo pikipiki hubeba mzigo kupita kiasi, hupita kwenye vumbi, na hukaa miezi mingi bila kubadilishiwa oili. Katika CB125 iliyoitangulia, kemshafti (shafti inayofungua vali, yaani milango ya hewa na moshi ya injini) hukaa juu ya silinda na kuzungushwa na cheni. Oili ikipungua au ikichakaa, sehemu hiyo ya juu ndiyo inayoumia mapema. Kwenye CG kemshafti ilishushwa chini, karibu na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ikawa inazungushwa na gia, na vali zikawa zinafunguliwa kwa vijiti virefu vinavyopanda kando ya silinda. Kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala ya kukatika. Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali, hurekebishwa kwa spana ndogo na kipimo cha milimita 0.08, injini ikiwa imepoa kabisa, na cheni ya gurudumu la nyuma imefunikwa yote kwa boksi la bati lisilopitisha mchanga. Mpango huo una gharama yake: injini haipendi kuzungushwa kwa kasi sana, na anayeilazimisha huisikia ikilalamika.

Kabla ya kutaja bei, isome namba ya injini. Ya asili huanza na CG125E. Ukikuta 156FMI, umeuziwa injini ya Kichina ndani ya fremu ya Kijapani, na herufi hizo zina maana: 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni kundi la cc 125. Ile ya 162FMJ ni ya kundi la cc 150, iliyopatikana kwa kupanua kipenyo hadi milimita 62, huku mwendo wa pistoni ukibaki milimita 49.5 zilezile za CG. Kubadilishiwa injini si aibu kwa pikipiki yenye umri huo, lakini bei lazima ishuke, na namba iliyo kwenye kadi ya usajili lazima ifanane na iliyochongwa kwenye chuma. Muuzaji anayeahidi kwamba suala la kadi litarekebishwa baadaye aachwe na pikipiki yake.

Sauti ya tapeti, ile ya tiki-tiki nyepesi, isimtishe mnunuzi, kwani CG nzima pia huitoa. Kinachopaswa kumtia shaka ni mlio mzito wa kugonga unaotoka chini injini ikibebeshwa mzigo, kwa sababu huo ni wa beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), na kuitengeneza ni kufungua injini yote. Moshi wa bluu peke yake ni jambo dogo: silinda huchongwa, pistoni ya saizi inayofuata huwekwa, na maisha huendelea.

Ushauri wangu kwa mnunuzi unakwenda kinyume na wa wauzaji wengi, ambao husifu kwamba pikipiki inawaka kwa kiki moja. Afadhali kununua CG iliyokufa injini lakini ina tangi lake, vifuniko vya pembeni, boksi la cheni, mita na madigadi ya asili, kuliko inayonguruma vizuri huku bati zake zikiwa zimepotea. Pistoni, ringi, sahani za klachi na gaski zimejaa Kariakoo, tena kwa bei nafuu, kwa sababu zile za injini za Kichina hutoka katika ukoo uleule. Tangi lililooza kwa kutu, kinyume chake, linaweza kukuzungusha mji mzima. Atlas Honda ya Pakistani ingali inatengeneza CG125 yenye umbo la zamani, na kwa mtafuta bati huo ndio mlango wa kwanza wa kubisha, mradi apime matundu ya skrubu kabla ya kulipa.

Wingi huo wa spea nao una mtego. Vipuri viwili vilivyoandikwa jina moja hutofautiana urefu au unene kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni, na fundi aliyezoea kufunga bila kupima atakurudishia injini yenye joto lisiloeleweka. Muombe apime pistoni na silinda mbele yako. Muombe pia afungue kifuniko cha kulia asafishe chujio la oili linalozunguka pamoja na krenki. CG haina chujio la karatasi la kutupa, na uchafu wote wa miaka hugandamana humo kama matope. Nimekwisha kuona injini iliyopakwa rangi ya fedha ikang'aa kama mpya, ilhali chujio hilo halijaguswa. Oili yenyewe, ambayo haifiki lita moja wakati wa kubadilisha, iwe ya pikipiki, kwa sababu klachi huogelea ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Barabarani CG ina nguvu za farasi zipatazo 11, na tabia yake hujulikana mapema. Ikiwa katikati ya mwendo huvuta kwa upole na kumeza mafuta kidogo sana. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa huuchukua siku nzima bila kuchoka, lakini ikifika 80 mtetemo hupanda hadi mikononi, kwani injini za kwanza hazikuwekewa shafti ya kutuliza mtetemo. Breki ni za ngoma mbele na nyuma. Zikiwa na shuu mpya zinatosha kwa mtu mmoja, lakini haziwezi kulinganishwa na za diski, hasa abiria akiwa nyuma kwenye mteremko. Anayetafuta chombo cha kazi anunue Bajaj Boxer BM150, yenye cc 144.8 na kiti kirefu. Hiyo itapanda mlima wa Sekenke na mzigo bila malumbano, na hakuna haja ya kuitesa mkongwe kwa shindano ambalo haikuandaliwa.

Umeme ndio sehemu ninayoikosoa bila kusita. CG za mwanzo zina volti 6 na pointi za kuwashia (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), na taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye jenereta, kwa hiyo hufifia kila unapopunguza mwendo, yaani palepale unapohitaji kuona shimo. Kuigeuza iwe ya volti 12 kunawezekana, ila si kazi ya kubadilisha betri tu. Koili za jenereta, regyuleta (kidhibiti cha volti), honi, balbu zote na kifaa cha indiketa lazima vibadilike pamoja, vinginevyo balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Mtu anayejua kwamba atasafiri usiku atafute matoleo ya baadaye yaliyotoka kiwandani na volti 12, hata kama yanauzwa ghali kidogo.