Lenzi ya mara 10: inunue kabla ya chupa ya dawa

Kifaa hiki hakiui mdudu hata mmoja, nami bado nasema kinunuliwe kwanza. Ni lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, ya kioo halisi, inayokunjwa ndani ya ala yake ya chuma na kuvaliwa shingoni kwa uzi. Nimeitumia kwenye mimea ya vyungu, kwenye godoro, kwenye fremu za milango na kwenye debe la nafaka. Naisifu kwa sababu moja kubwa: wadudu wanaoacha madhara yanayofanana mara nyingi hawafi kwa dawa moja.

Chukua jani lililopauka na kujaa nukta nukta. Kwa macho matupu ni vigumu kumjua aliyelifyonza. Ligeuze, utazame upande wa chini. Ukiona viumbe wa nusu milimita wenye miguu minane na doa jeusi kila ubavu, na mayai ya mviringo yanayong'aa katikati ya utando mwembamba, huo ni utitiri. Utitiri ni jamaa wa buibui, na dawa nyingi za wadudu haziuwezi. Zile za jamii ya pairethroidi zinaweza hata kuuzidisha, kwa kuwa huua maadui wake na kuuacha ukizaana kwa raha. Kinachosaidia ni kuosha majani kwa maji yenye nguvu, hasa chini yake, kisha kupuliza sabuni ya kuulia wadudu na kurudia. Lakini lenzi ikikuonyesha vijidudu virefu vyembamba, na vitone vyeusi vya kinyesi juu ya mabaka ya rangi ya fedha, una vithiripi. Spishi nyingi za hao hushuka kwenye udongo kabla ya kukomaa, kwa hiyo ukipuliza majani na kuusahau udongo, wiki inayofuata wengine wanapanda.

Ninaipenda zaidi pale inaponizuia kupuliza. Vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea, unawatambua kwa vijibomba viwili vinavyochomoza nyuma ya mwili. Sasa tafuta miongoni mwao wale waliovimba, wakakauka na kugeuka rangi ya kahawia. Ndani ya vidukari hao nyigu wadogo sana wametaga, na ukiona tundu la duara mgongoni, ujue nyigu mpya ameshatoka kwenda kutafuta vidukari wengine. Mmea wenye vidukari wengi wa namna hiyo umeshapata mtetezi. Ukiupulizia sumu unamuua. Vilevile kuna magamba meupe yanayobaki vidukari wanapojivua. Watu wengi huyadhani ni inzi weupe wakaanza vita ya pili isiyokuwapo. Chini ya lenzi unaona wazi kwamba ni ngozi tupu.

Ndani ya nyumba nilitarajia isinifae sana. Imenifaa mno. Unga unaodondoka chini ya mbao una siri yake: punje za kama milimita moja, zenye pande sita na ncha za mviringo, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Mchwa hao huishi ndani ya mbao yenyewe bila kuhitaji udongo, kwa hiyo kumwaga dawa kuzunguka msingi wa nyumba hakuwagusi. Ukiona vumbi laini lisilo na umbo, washuku mbawakavu wanaotoboa mbao. Na wakiruka wenye mabawa ukashindwa kujua ni kumbikumbi au sisimizi, tazama papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani: za kumbikumbi zimenyooka, za sisimizi zimepinda kama kiwiko, na kiuno chake ni chembamba.

Kwenye mishono ya godoro, yai la kunguni ni jeupe, la kama milimita moja, na lina kifuniko upande mmoja. Kifuniko kikiwa wazi, limeshaanguliwa. Kikiwa kimefungwa, huenda kazi bado ipo, maana dawa nyingi hazipenyi yai, na katika joto la kawaida la chumba huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Ndiyo maana ninasisitiza ukaguzi wa pili, wala usiridhike eti kwa kuwa waliokomaa wameanguka.

Kuhusu kifaa chenyewe. Kwa lenzi ya mara 10, kitu hukaa kama milimita 25 kutoka kwenye kioo. Isogeze lenzi karibu kabisa na jicho, kisha lete jani taratibu hadi lionekane vizuri. Ukinyoosha mkono mbali utaona ukungu tu. Chagua yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, kwa sababu picha haipindi pembeni na rangi hazitawanyiki. Usivutwe na maandishi ya mara 30 au 40 kwenye kasha. Kadiri ukuzaji unavyoongezeka, eneo unaloliona hupungua, na mdudu anayetembea anakutoroka kabla hujamhesabu miguu. Taa ndogo ya pembeni haina kazi juani, ila kwenye mishono ya godoro inasaidia sana.

Kasoro zipo. Skrubu ya bawaba hulegea, na yangu naikaza kila mara. Kioo hukwaruzika kirahisi ukikifuta kikiwa na vumbi. Lipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Na kwa mtu anayetetemeka mikono, umbali huo mfupi unachosha. Huyo namshauri achukue ya mara 5 yenye kioo kipana, au lenzi ya kubana kwenye kamera ya simu, apige picha kisha aikuze kwa utulivu. Utitiri atauona kama nukta tu, ila kunguni, vidukari na zile punje za mchwa atawatambua bila shida.