Siku sita Unguja kutoka Lubumbashi: bahari ilitukimbia asubuhi

Nimerudi Lushi wiki iliyopita, pua bado inabambuka, na kila mtu hapa Kampemba ananiuliza bei tu, bei, bei, hakuna anayeuliza kama maji yalikuwepo. Basi niseme yote mara moja.

Safari ya barabara sitaisimulia: Kasumbalesa na foleni yake ya malori, Zambia nzima, Nakonde, Tunduma, Dar, miguu imevimba kama mikate. Toka Dar ni feri, masaa mawili hivi. Bibi yangu alitapika toka bandari mpaka bandari. Mi sikutapika lakini msiniulize nilikuwa na rangi gani.

Aibu ya kwanza ilikuwa mapokezi ya gesti. Nikasema kwa Kiswahili chetu, "Niko natafuta chumba moja, ya mi na bibi yangu, kitanda moja." Kijana akaniangalia kwa heshima kubwa, akasema, "Hamna shida mzee wangu, basi tumpe cha chini bibi asipande ngazi." Bibi mwenyewe amesimama nyuma yangu na begi mkononi, ana miaka 34! Kule bibi ni nyanya ya mtu, mwanamke uliyemuoa ni mke, mwisho. Hakunisemesha mpaka saa ya chakula.

Tulichagua Paje, upande wa mashariki, kwa sababu ya picha. Tulifika saa kumi jioni, bahari imejaa mpaka karibu na minazi, kijani ile ambayo hata kwenye simu unadhani wameongeza rangi. Bibi akasema kesho asubuhi tunaogelea. Kesho yake saa nne tunatoka na taulo, bahari hakuna. Nasema hakuna! Mchanga mtupu, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mawimbi meupe mbali huko kama mstari wa chaki. Mi nilifikiri kuna kitu kimeharibika.

Tukatembea kuifuata, tukakuta akina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimechomekwa kwenye mchanga, kamba katikati, mwani umefungwa vifundo vifundo. Nikamsalimia mmoja shikamoo, nikauliza maji yamekwenda wapi. Akacheka sana. "Hii bamvua, mwanangu, mwezi mpevu. Nenda kanywe chai, jioni itakurudia mlangoni." Akatueleza kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji yanapwa sana na kujaa sana, halafu katikati hapo ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Na yeye anafurahi yakipwa kwa sababu ndo saa yake ya kazi. Mwani unanunuliwa unakwenda nje, unaingia mpaka kwenye dawa ya meno, lakini ule wa bei nzuri, kotonii, siku hizi unakufa kwa sababu maji yamekuwa moto. Tulikaa naye karibu saa nzima, bure, na kwangu mi ilipita kitu chochote tulicholipia.

Kwa hiyo kama unataka kuogelea saa yoyote unayoamka, nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, huko bahari haikimbii hivyo. Paje ni ya kaiti, lile tiara kubwa linalokuvuta juu ya ubao. Mwamba wa matumbawe unazuia mawimbi huko nje, ndani maji ni mafupi, na Julai upepo wa kusi unavuma siku nzima. Nilichukua somo moja. Nilivutwa kwa tumbo kama gunia la makaa. Bei ni ya wazungu, somo moja linatosha kujua kama ni kazi yako, mi si kazi yangu.

Tulihamia Nungwi siku mbili, tukapanda boti kwenda kisiwa cha Mnemba kuangalia samaki kwa miwani na mrija. Samaki wapo, wazuri kweli, na mi nisiyejua kuogelea nilielea na jile, koti la kuelea, bila shida. Lakini yule aliyetuuzia alisema tutakuwa peke yetu, tukakuta boti nimeacha kuhesabu, watu wanasimama juu ya matumbawe na viatu vyao vya plastiki. Hapo ninapunguza alama.

Mji Mkongwe tuliuwekea siku moja tu, kosa. Forodhani usiku, urojo na juisi ya miwa, sawa. Ila Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, pale moyo wa Livingstone ulipozikwa, na Chitambo iko hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu. Yule kijana anayetuongoza akawa anataja walikotoka: Nyasa, Manyema, Kongo. Akauliza nyie wa wapi. Mama yangu ni Muyeke wa Bunkeya, na kwetu tunaimba mfalme wetu Msiri aliyeuawa 1891, shaba yake, pembe zake za ndovu. Watu aliowauza hatuwaimbi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa, iko Shangani, dakika chache kwa mguu, mnataka kuiona? Bibi akasema hapana, twende tukakae.

Mambo ya kubeba: viatu vya mpira, kwa sababu maji yakipwa kuna wale wadudu wa miiba mieusi kwenye mawe. Kanga au kitenge cha kujifunga ukitoka ufukweni kuingia kijijini, ni Waislamu, waheshimu. Daladala zinafika Paje na Nungwi, taksi ya nini. Na dola zako: kwetu wanakataa noti iliyopasuka hata kidogo, kule wanaangalia na mwaka, mi nilikuwa na moja ya zamani, nimerudi nayo mpaka Lushi.