Dalali wa Buzuruga aliyemhamisha mama kutoka mlimani

Kama una mzazi anayeishi juu ya mawe kule Mabatini, Igogo au Bugando, mtafute huyu dada mwenye ofisi ndogo Buzuruga. Madalali wengi hapa Mwanza wanauliza bei kabla hata salamu haijaisha. Yeye alimwamkia mama yangu shikamoo, kisha akaomba washuke pamoja mpaka barabarani.

Mama ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Dada alimfuata nyuma kimya, akiangalia jiwe gani anashika na wapi anakaa kupumzika. Walipofika chini akamuuliza mama mwenyewe, sisi watoto tukisikiliza: "Mama, unasali wapi? Kliniki ya presha ni ipi? Wenzako wa kikoba wako mtaa gani?"

Kwa majibu hayo tukaanza kuzunguka kutazama nyumba: Buswelu, Nyegezi, Buhongwa. Ile ya Nyegezi niliipenda sana, na bei ilikuwa nafuu. Dada akainama, akatuonyesha mstari wa maji ukutani uliofunikwa kwa rangi mpya. Tukaachana nayo. Ya Buhongwa alitoa futi kamba akapima mlango wa choo, maana leo mama anatembelea fimbo, kesho huenda akahitaji kiti cha magurudumu. Choo ni cha kukaa, ngazi hakuna, na daladala za mjini zinapita karibu.

Lililonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba alikataa kuleta mnunuzi wa nyumba ya mlimani. Ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba, akasema mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Halafu akamshauri mama apange kwanza Buhongwa, masika impitie humo, ndipo aamue kuuza au la. Dalali anayeishi kwa kamisheni kusema hivyo si jambo dogo.

Kasoro zipo. Fundi aliyemleta kufunga vyuma vya kushikia chooni alichelewa mno, mama akawa anaoga kwa kushikiliwa. Na hela ya vijana wa kubeba mizigo haikuwemo kwenye makubaliano. Gari haipandi kule, kabati la vyombo lilishuka mabegani, ikabidi tuchangishane palepale. Gharama zote aziandike mapema, wazee wengi hawana mtoto wa kumpigia simu.

Kwa sasa mama amepanga Buhongwa. Mirathi imekamilika, ila kuuza hajaamua, na dada hajampigia hata mara moja kumharakisha.