Gia ya meno 48: dukani nilidhalilishwa, Ngamiani nilihudumiwa

Jina la duka silitaji. Ni mojawapo ya maduka ya vipuri hapa Tanga mjini, mali imejaa mpaka dari, na kwa beringi na mikanda nimelitegemea miaka mingi. Lakini nilichofanyiwa pale juzi juzi kwa ajili ya gia moja tu ya lethi, yaani mashine ya kukereza vyuma, bado kinanichoma. Naandika ili mwenye mashine ya zamani kama yangu asitoe pesa yake kabla hajapima.

Mashine yangu ya kukereza ni Boxford modeli B, iliyotengenezwa Halifax, Uingereza, ile isiyo na geaboksi. Ukitaka kukata uzi wa bolti unapanga gia kwa mkono wako pembeni mwa mashine: moja juu, moja chini, na ya katikati ya kuziunganisha. Watu wanaiita kongwe. Hiyo kongwe ndiyo inayosomesha watoto wangu. Inachonga bushi za pampu, inanyoosha shafti za boti za wavuvi wa Deep Sea, na inakata bolti za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo wateja wangu wa mashamba ya mkonge hawazipati tena dukani. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi. Skrubu ndefu ya Boxford, ile inayosogeza kisu, ina nyuzi 8 kwa inchi, kwa hiyo naweka gia ya meno 32 juu na ya meno 48 chini, kazi inatoka.

Ile ya 48 ikakatika meno matatu, na kazi ya watu ipo mezani.

Nikaenda dukani nikiwa nimeibeba gia yenyewe kwenye mfuko. Kaunta alikuwepo kijana mmoja, simu imebanwa begani, anaongea na mtu mwingine huku ananiangalia mimi. Nilimsalimia, hakuitikia. Nikamwekea gia mbele yake, nikamwambia, "Mwanangu, hii ni DP 18, nina shida na ya meno 48." (DP ni kipimo cha ukubwa wa meno; nitakieleza mbele.) Akaichukua kwa ncha za vidole kana kwamba nimemletea taka, akaingia ndani, akarudi na gia mpya inayong'aa, akaiweka juu ya yangu. Kingo zikalingana kabisa. "Hiyo hapo mzee. Saizi yako."

Nikamwomba venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia vipenyo. Akasema venia haiuzwi kwa kuazimana. Nikaanza kuhesabu meno kwa kidole, akaivuta ile gia mikononi mwangu, mbele ya wateja wengine. "Mzee, gia ni gia. Hapa si shule ya kuhesabu. Unataka au hutaki?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba mashine kama yangu watu wanapeleka kwa wauza vyuma chakavu.

Nina mvi. Nimefundisha vijana wa umri wake kazi hii hii. Kunyang'anywa kitu mkononi mbele za watu, na mtu ambaye hata salamu yangu hakuirudisha, sijakuzoea na sitakuzoea. Lakini kazi ya wateja ilikuwa inanisubiri, na duka la pili lilikuwa limeshaniambia hawana. Nililipa.

Karakana nikahesabu kwa utulivu. Meno 45. Nikapima kipenyo: milimita 70.5. Yangu ya zamani, upande ambao meno hayajaumia, ni milimita 70.56. Hapo ndipo mtego ulipo, na mtu anayeuza gia kila siku ana wajibu wa kuujua. Gia za Kiingereza za zamani zinapimwa kwa DP, yaani idadi ya meno kwa kila inchi ya kipenyo, kipenyo cha katikati ya meno, si cha ncha zake. Hizi zinazoletwa siku hizi zinapimwa kwa moduli, yaani milimita za kipenyo hicho kwa kila jino. DP 18 ukiigeuza ni moduli 1.41 hivi. Aliyonipa ni moduli 1.5. Jino lake ni nene zaidi, kwa hiyo meno 45 yake yanajaza duara lile lile la meno yangu 48. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinafanana. Ukizikutanisha meno kwa meno zinagombana.

Niliifunga na kuzungusha chaki ya mashine, kile kichwa kinachoshika kazi, kwa mkono, mota imezimwa. Meno machache tu, ikakaza na kuguna. Na hata kama ingezunguka, nyuzi 12 zingetoka 11 na robo. Hakuna nati ya nusu inchi itakayopita kwenye bolti ya namna hiyo. Tena kuna pembe ya jino: gia nyingi za zamani ni digrii 14.5, za kisasa nyingi ni digrii 20. Kinachokubaliana hapo ni kipenyo tu.

Nilirudi nayo, haina hata mkwaruzo. Yule kijana akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaomba kuonana na mwenye duka. Akatoka, akaisikiliza habari nusu, akasema, "Wewe ndiye uliyechagua." Mimi ndiye niliyechagua! Niliyenyimwa kipimo, niliyenyang'anywa nisihesabu!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwa mwadilifu: kwamba beringi zao ni halisi, mikanda yao inadumu, tatizo ni gia tu. Hayo ni kweli. Lakini kadiri ninavyoandika naona siwezi kumshauri mtu aende. Anayekuzuia kupima gia atakuzuia kupima na kingine. Mikanda nitaagiza Dar.

Sasa Ngamiani. Kuna fundi mmoja mtu mzima kwenye zile barabara za namba, karakana yake haina hata kibao. Nilielekezwa na fundi pampu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia, "Kaa kwanza mwanangu, unatweta." Akaichukua gia iliyovunjika akaipangusa mafuta, akahesabu meno kimya kimya mara mbili, akapima kipenyo, akajumlisha mbili kwenye meno, akagawa kwa kipenyo cha inchi. Hamsini kwa 2.78. "DP 18," akasema, kabla sijafungua mdomo. Nilitamani yule kijana awepo.

Kisu cha kukatia meno ya DP 18 hakuwa nacho. Alichukua kipande cha chuma kigumu, akakisaga kwenye jiwe kidogo kidogo, anakijaribisha kwenye pengo la meno mazima, anainua kwenye mwanga kuona kama pana upenyo, anarudi kwenye jiwe. Nusu siku ilikwenda kwenye kisu peke yake. Kisha akaweka duara la chuma kwenye kichwa cha kugawia, kifaa cha kugawa duara sehemu zilizo sawa: mizunguko 40 ya mpini ni duara moja kamili, kwa hiyo kwa meno 48 anasogeza matundu 15 kwenye sahani ya matundu 18 kila anapomaliza jino. Kila jino analitaja kwa sauti, na kijana wake analiandika kwa chaki ukutani.

Bei ilizidi ya dukani, na alinichelewesha, jambo lililonigombanisha na mteja wangu mmoja. Gia yenyewe inavuma kidogo kuliko ya zamani. Nilifikiri kumpunguzia sifa kwa hayo. Sipunguzi. Bolti za kwanza zilizotoka, nati ilipita kwa vidole mpaka mwisho, na kuvuma kwenyewe kunapungua kadiri meno yanavyozoeana.

Wenye lethi ya South Bend ya Marekani ya inchi 9, nanyi ni DP 18, kwa hiyo ukubwa wa meno unakubaliana na wa Boxford; pembe ya jino na tundu la katikati mpime wenyewe. Mkienda kwake pelekeni gia mbovu, msitupe.

Nilimwomba pia ya meno 127, ya kukatia nyuzi za milimita. Inchi ni milimita 25.4, na 127 ndiyo namba ndogo kabisa ya meno inayoleta hesabu hiyo kamili. Akaniambia bila kuzunguka kwamba sahani zake hazigawi 127, asinidanganye. Kwa hiyo bado naitafuta. Aliye na gia ya meno 127 ya DP 18, Tanga mjini, Muheza, Korogwe au Pangani, hata iliyolala kwenye karakana ya shamba la mkonge, aniambie. Nakuja na venia yangu, na pesa taslimu.