Kibanda cha santuri Kenyatta Market: nenda usiwe na haraka

Ukiwapita wasusi wanaokuita kila hatua na moshi wa nyama choma, fuata muziki, maana kibanda hakina bango la kuonekana. Nimekwenda mara nne tangu Januari.

Kinachonirudisha ni kwamba mzee mwenye kibanda hakuuzii kitu ambacho hujakisikia. Unachagua, anaipangusa kwa kitambaa, anaiweka kwenye mashine, mnasikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, kisha wa pili. Ikiwa na mkwaruzo, yeye ndiye anayekuonyesha. Kuna mahali pengine mjini niliuziwa santuri ikiwa ndani ya nailoni. Kufika nyumbani Umoja naikuta imepinda, sindano inaruka. Niliporudi nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Iliniuma, pesa ile niliiweka kidogo kidogo.

Jumamosi nilikuwa natafuta nyimbo za filamu za Kihindi. Marehemu baba alikuwa mteja wa sinema ya Shan kule Ngara, jengo ambalo baadaye likawa Sarakasi Dome. Kihindi hakujua hata neno, lakini alirudi nyumbani akiimba. Mzee akaniambia Marekani, zamani, watu wa biashara waliielewa hali hiyo: santuri za nyimbo za filamu ziliuzwa palepale kwenye ukumbi wa kuingilia sinema, mtu anunue wimbo ungali masikioni. Nilimfikiria baba. Angeacha nauli yake pale.

Akanipatia moja ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, shilingi 600. Ile yenye tundu kubwa katikati. Kiplastiki cha kuzibia akanipa bure.

Halafu akatoa kwenye sanduku moja ya mizunguko 78, lebo yenye mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni. Ni HMV, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kule Bombay mwaka 1928. Niliishika kwa mikono miwili. Ni nzito, ya shelaki, utomvu wa wadudu wa huko India, na ikianguka inavunjika kama sahani ya udongo. Upande mmoja unabeba dakika 3 hivi tu, ila sauti iliyotoka ilininyamazisha.

Nilitoa simu nilipe. Akakataa. "Binti yangu, mashine yako ina sindano gani?" Nikamwambia. Akanieleza kwamba mifereji ya hizi za 78 ni mipana, sindano yangu nyembamba ingezama chini na kukwaruza tu, nisingesikia chochote cha maana. Mfanyabiashara gani mwingine Nairobi atakukatalia pesa yako kwa sababu hiyo?

Nafasi ni finyu, benchi ni moja, na mchana ukienda mtasimama. Afadhali asubuhi. M-Pesa anapokea.

Ile ya mbwa ameiweka kando, jina langu kwa penseli juu ya bahasha. Sindano nimeshaiagiza.